Masika ya Kuumwa

3 Machi
Mvua ya kwanza. Tulikuwa tuburute shuka la kunasia kupe malishoni asubuhi. Tukasubiri ikatike, haikukatika, tukarudi kituoni tumelowa chapachapa bila kupe hata mmoja. Mkuu wa mradi tunamwita Bwana Kesho, ingawa si mbele yake, kwa sababu ukimwomba viatu vya mpira, mafuta ya gari au ruhusa, jibu lake ni hilo moja. Nimevaa viatu vya msimu uliopita na kidole gumba kinachungulia nje.

Kwa atakayeliokota daftari hili nikiwa nimeshazikwa: kazi yangu ni utafiti wa kupe. Nawatoa kwenye nyasi na kwenye masikio ya ng'ombe, nawapanga kwa aina, kisha nawapasua chini ya hadubini nione ni yupi kabeba ugonjwa. Nimefanya hivyo mpaka nywele zimeanza mvi, na ndama wa watu bado wanakufa kwa ndigana kila masika. Nimechoka, na msimu ndiyo kwanza unaanza.

6 Machi
Mvua. Nimeosha chupa, nikaziosha tena.

8 Machi
Mume wangu kasubiri nishike sufuria ya moto kwa mikono miwili ndipo akasema. Ni mjanja. Mama yake anakuja kesho. Nyumba yake imeingia maji, ukuta wa nyuma umelala chini.

"Kwa muda tu, mke wangu. Mvua zikiisha, dada atamchukua."

Nikamuuliza atalala wapi. Akasema chumba cha mtoto. Mtoto yuko chuoni, na tangu aondoke chumba kile kimejaa vitabu vyangu, makasha ya sampuli na majokofu mabovu ambayo mume wangu anayaleta "kuyatengeneza". Yeye ni fundi wa majokofu. Mtaa mzima unamwita Fundi na mtaa mzima unakunywa maji baridi, isipokuwa sisi. Nikamwambia sina nguvu ya kuhamisha makasha. Mama atalala chumba cha uani. Ni stoo, sakafu yake ya udongo, ila ina dirisha. Fundi akasema ataweka saruji. Saruji hiyo naisikia tangu tuhamie hapa. Nikacheka mpaka nikapaliwa.

9 Machi
Kafika. Mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na begi moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua."

"Unatusumbua nini, mama? Hapa ni kwako."

Maneno ya namna hiyo hutoka yenyewe, mtu hata hahitaji kuwepo. Alikitazama chumba cha uani, akasema kizuri, kina hewa. Nami nikakubali kwamba ni kizuri.

13 Machi
Jua limetoka kidogo, tukaburuta shuka jeupe juu ya nyasi hadi mchana. Kupe wamejaa. Kabla ya mvua husemi kama wapo, kisha maji yakigusa ardhi kila ncha ya jani ina mmoja kanyoosha miguu ya mbele, anangoja wa kumdandia. Tumewabandua kwa kibano mpaka macho yakaanza kuona nukta hata mahali pasipo na nukta. Mgongo wangu umekufa.

Nyumbani Mama alikuwa jikoni, kaosha vyombo vyote. Nikamuuliza kashindaje.

"Nimeshinda salama. Ila naumwa, mwanangu. Usiku."

Nikampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Akavitazama kiganjani kitambo, akasema asante.

15 Machi
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kalishika mwenyewe: kafagia uwanja, kapanga kuni, kahamisha chumvi. Nimeitafuta chumvi hadi chai ikapoa. Kazini nina kupe, nyumbani nina mkwe.

17 Machi
"Naumwa tu, mwanangu."

"Mgongo, mama?"

"Na mgongo pia. Zaidi miguu."

Nimempa dawa ya kuchua. Harufu yake imejaa nyumba nzima.

20 Machi
Mama ana homa kali. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nimeomba ruhusa, Bwana Kesho kasema kesho, nikaondoka leo. Zahanati nesi kampima malaria, kipimo hakikuonyesha kitu. "Lakini kwa masika haya, tumpe tu dawa ya malaria," akasema. Naye alikuwa amechoka, na nyuma yetu kulikuwa na foleni mpaka barazani. Sikubishana.

23 Machi
Homa imekatika kwa jasho jingi, godoro limelowa. Asubuhi kaomba chai ya maziwa. Fundi anatamba kwamba dawa imefanya kazi. Haya.

26 Machi
Mvua. Ndama wengine wamekufa kwa mfugaji wa ng'ambo ya mto. Alinionyesha tezi za shingo zilivyovimba, kama vile mimi sijawahi kuziona. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa, mtaalamu, mkishawahesabu hao kupe, mnafanyaje?" Nikamwambia tunaandika ripoti. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchimba shimo.

30 Machi
Homa ya Mama imerudi. Zahanati tena, kipimo tena, hakuna kitu tena, dawa tena. Nesi kasema huenda ni malaria sugu. Wifi yangu, dada yake Fundi, kapiga simu.

"Wifi, mnamfanyaje mama yangu? Kwangu hajawahi kuumwa hivi."

"Kwako alikaa lini, wifi?"

Akakata. Na simu ilikuwa yangu na salio langu, maana alini-bipu nikampigia.

2 Aprili
Imekatika tena.

4 Aprili
Nimerudi mapema nikamkuta Mama kakaa kwenye kigoda uani, kalala na kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi. Nikamwamsha.

"Mama, mbona unalala mchana hivi?"

"Usiku silali, mwanangu. Naumwa."

Kila siku wimbo huo mmoja! Nikamwambia Fundi kwamba mama yake anataka kukaliwa kitako na kubembelezwa, na mimi sina kitako hicho. Akasema, "Ni mzee, mvumilie." Nikamuuliza na mimi nani atanivumilia. Akafungua jokofu la mtu akaingiza kichwa ndani.

6 Aprili
Wafadhili wa mradi wanakuja mwisho wa mwezi. Bwana Kesho ghafla anataka kila kitu leo.

9 Aprili
Homa ya tatu, na hii ni mbaya kuliko zile. Pua imetoka damu. Macho yamepiga umanjano. Mchana alikuwa anaongea na marehemu mume wake, anamwambia afunge mlango mbuzi wasiingie. Fundi alisimama mlangoni na bisibisi mkononi asijue aiweke wapi. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo, nami nikaogopa kwa kumwona yeye. Zahanati wametuandikia dripu na dawa kali zaidi ya malaria ileile ambayo haionekani.

Mwili wake umekwisha. Nikimnyanyua namwinua kwa mkono mmoja. Nadhani tunampoteza, na hakuna anayetuambia kwa ugonjwa gani.

12 Aprili
Homa imekatika. Yeye hajarudi mzima. Anakula vijiko vitatu anashiba.

14 Aprili
Tumekubaliana, mimi na Fundi: wifi aje amchukue hata kama mvua hazijaisha. Kule kuna hospitali kubwa, hiyo ndiyo sababu tuliyoitamka. Fundi alikuwa na huzuni. Mimi nimefurahi. Naandika nilivyo, nimefurahi kama mtu aliyeambiwa kesho si siku ya kazi. Mama alikuwa uani, na ukuta wetu ni mwembamba. Sidhani alisikia.

16 Aprili
Mvua. Kupe. Mvua.

19 Aprili
Niandike yote leo, maana nikilala nitajidanganya.

Barabara ya kituoni imekatika kwa maji, nikabaki nyumbani. Saa nne hivi homa ya Mama ikapanda tena, ya nne hii. Fundi alikuwa kazini. Nikakaa pembeni ya kitanda chake na beseni la maji na kitambaa. Ni mara ya kwanza kukaa mle chumbani kwa zaidi ya dakika chache, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikamuuliza vizuri.

"Mama, leo unaumwa wapi hasa?"

"Leo siumwi."

"Huumwi? Mama, unaungua kama jiko!"

"Hii ni homa, mwanangu. Homa ni homa. Kuumwa ni usiku, taa ikishazimwa. Mchana hawaumi."

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji kwenye magoti yangu.

"Hawaumi kina nani?"

Akanitazama kwa kunihurumia, kana kwamba mwenye homa ni mimi.

"Wadudu, mwanangu. Si nimekwambia tangu nifike?"

Akavuta shuka. Miguu yote miwili, kuanzia kifundo hadi juu ya goti, ilikuwa na vidonda vidogo vyekundu vyenye kitone cheusi katikati, vingine vipya, vingine vimekauka, vingine vimekunwa hadi vikatoka usaha. Mgongoni vilevile. Na pia, alisema. Zaidi miguu. Na mimi nikampa dawa ya kuchua, aipake mwenyewe juu ya vidonda. Mungu wangu, jinsi ilivyomchoma.

Nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti, nikachokonoa ufa wa sakafu chini ya kitanda. Nilijua kabla ya kuona. Wakatoka pamoja na vumbi: papasi, kupe wa nyumba za udongo, wa rangi ya udongo wenyewe, ngozi ya makunyanzi, miguu imefichwa chini ya tumbo. Kupe wa ng'ombe unamwona, anaganda siku kadhaa mpaka avimbe. Papasi hula gizani kwa muda mfupi, kisha anarudi ufani, na anaweza kukaa miaka bila kula akimngoja mtu alale. Hawa hawakuja na begi la Mama. Walikuwa wangu, wa stoo yangu, wana njaa tangu kabla hatujahamia. Mimi ndiye niliyewapelekea chakula.

Nikamtoboa Mama kidole, nikatandaza tone kwenye kioo cha hadubini kutoka makashani, nikavaa viatu vyangu vya kidole nje. Jirani nikamwomba akae naye. Nikavuka maji ya barabarani kwa miguu, suruali imekunjwa, kioo kimefungwa kwenye leso ndani ya sidiria, ndipo mahali pekee palipokuwa pakavu. Kituoni alikuwepo Miwani peke yake, mwenzangu wa maabara, anayesoma damu za ng'ombe. Sikumwambia damu ni ya nani. Akaipaka rangi, akainama kwenye hadubini, akarekebisha lenzi mara mbili.

"Huyu si ng'ombe," akasema.

Nikaangalia mwenyewe. Vijidudu walikuwepo katikati ya chembe nyekundu, wembamba, wamejikunjakunja kama uzi wa sweta uliofumuliwa. Homa ya papasi. Inapanda siku tatu, inakwisha, inakaa wiki, inarudi. Naifundisha! Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nawachorea ubaoni ule mstari wake, mlima, tambarare, mlima.

"Ni mama mkwe," nikasema.

Miwani akavua miwani. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mithali nyingine zina kiherehere. Nikamwambia kama hana la maana anipeleke na pikipiki yake hadi ukingo wa maji, na njiani nikampigia Fundi simu.

Tukamchukua Mama hadi hospitali ya wilaya mimi na Fundi, kwa gari la mteja wake mwenye jokofu. Daktari kijana aliangalia kioo, akaangalia miguu, akaandika dawa ya kawaida kabisa, vidonge ambavyo duka lolote linauza. Alituonya kwamba dozi ya kwanza ingemtetemesha vibaya, na kwa umri wake angeweza kuondoka nayo. Ikamtetemesha. Fundi alimshika mabega, mimi nikamshika miguu, ileile, na nilikuwa nasema kwa sauti, "Usife, mama, tafadhali usife," watu wa vitanda vya jirani wananitazama. Ilipokoma alikuwa amelala anapumua. Sasa niko kwenye benchi la wodi. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka.

20 Aprili
Yu hai.

22 Aprili
Yuko nyumbani, chumba cha mtoto. Nilihamisha makasha yote jana, ikanichukua asubuhi moja tu. Asubuhi moja!

Homa hakuna. Kakunywa supu bakuli zima. Nikamuuliza kwa nini hakusema wazi neno wadudu, angesema mara moja tu. Alifikiri.

"Ningesemaje? Nimekaribishwa, nimepewa kitanda, halafu nimwambie mke wa mwanangu nyumba yake ina wadudu? Nikasema, huyu kazi yake ni hiyohiyo, nikimwambia naumwa ataelewa. Ukanipa vidonge. Nikajua umeelewa."

"Umejua nimeelewa, halafu nikuache uliwe?"

"Nilidhani umeamua niondoke mwenyewe, bila kunitamkia. Watu hufanya hivyo, mwanangu. Hata mimi niliwahi kumfanyia shemeji yangu, ila kwa moshi."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza. Nikamwambia hapana, mama, wallahi sikuelewa, kuumwa kuna njia mbili na mimi nilishika moja. Kuhusu papasi nilisema kweli tupu. Kuhusu kuondoka, alikuwa amenisoma sawasawa, na yote mawili aliyaona usoni kwangu. Akanipiga kofi dogo la mkono, akaomba chumvi.

25 Aprili
Fundi anachanganya saruji. Majirani wamekuja kushuhudia.

27 Aprili
Wafadhili wamekuja, wameondoka. Bwana Kesho aliwaambia kupe ni changamoto. Nikiwa nasubiri zamu yangu ya kuongea nilikuwa nawaza kama Mama amekula.

29 Aprili
Nimeleta papasi mmoja kwenye chupa, kafa, pamoja na lenzi ya mkononi. Mama kamgeuzageuza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na ndiye anayekupa mshahara?"

"Ndugu yake, mama. Yule wa ng'ombe."

"Basi ukoo wao wote wanakula kwetu," akasema, "bora wewe unarudisha kidogo." Nimecheka mpaka Fundi akaja kuchungulia.

3 Mei
Naona ninatembea haraka nikitoka kazini. Mama huwa kanisubiri na chai, ananiuliza kupe wameshindaje. Ananisimulia shemeji wa moshi, marehemu mume wake, mbuzi. Anaongea polepole na hukatiza hadithi kusikiliza mvua. Wiki sita alikuwa mita chache kutoka jikoni kwangu, na nilikuwa sijui kwamba ana vichekesho. Nimemwambia Fundi ampigie dada yake, amwambie asije tena. Mama abaki.

6 Mei
Hakuna mvua. Nguo zimekauka.

10 Mei
Wifi amekuja hivyo hivyo, na gari la kukodi, na shuka jipya. Hakuwa amekubaliana na Fundi lolote, au Fundi hakuwa amesema lolote, namjua. Tukaketi mezani wote wanne. Wifi akasema mama yake kaponea chupuchupu hapa, hamwachi. Nikamwambia mama yake kaponea hapa, kweli, na hapa ndipo panapomjua sasa. Akasema stoo ndiyo inamjua. Lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nikasema chumba kimehamishwa, sakafu ina saruji, dawa imepulizwa, dozi nimempa kwa mkono wangu. Yeye akasema kuna hospitali kubwa. Mimi nikasema mtaalamu wa ugonjwa huu ndiye mimi. Sauti zetu zilifika barabarani. Fundi alikuwa anakagua soketi ya ukutani.

Mama akaweka kikombe chini.

"Mnagawana mbuzi?"

Wifi akashusha kidole alichokuwa akininyooshea.

"Hakuna aliyeniuliza."

Nikageuza kiti, nikamtazama usoni. Nilimuuliza taratibu, na nilimaanisha kila neno, na nilikuwa na hakika ya jibu.

"Mama, unataka kubaki hapa kwetu, au unataka kwenda?"

"Nataka kwenda, mwanangu."

Hakulisema kwa hasira. Alisema siku hizi za mwisho amelala vizuri, amecheka, Mungu anizidishie. Kisha akarudia, ili asiwepo wa kukosea. "Lakini nataka kwenda."

Sikumuuliza sababu. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilimfungia vidonge vyake vya kuongeza damu, nikamwandikia wifi saa za kumpa, nikamshika Mama mkono hadi garini. Wifi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema asante.

Nimelia jikoni, tena kwa sauti. Fundi akaja akasimama nyuma yangu, hajui aweke wapi mikono yake. Akaniuliza mbona nalia, si ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mvua zianze?

Nikamwambia ndicho.